Nilivyohojiwa na Simu Kule Fizi

Ujumbe ulinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya wodi ya wazazi, nakula mhogo wa kuchemsha na karanga. Nilikuwa na miaka sita kazini kwenye hospitali ya Baraka, mji wetu mashariki mwa Kongo, daktari wa kawaida, yule anayefanya kila kitu: asubuhi malaria, mchana mguu uliovunjika, jioni upasuaji wa mama aliyeshindwa kuzaa. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake katika hospitali moja ya chuo kikuu, mbali na kwetu. Nilijua kwamba ombi likipita hatua ya kwanza nitaitwa huko kuhojiwa. Hata nguo ya kuvaa nilikuwa nimeshaichagua.

Hawakuniita. Ujumbe ulisema mahojiano yatafanywa kwa video, tena si video ya kuongea na mtu. Nitafungua ukurasa walionitumia, swali litatokea kwa maandishi, nitapewa nusu dakika ya kufikiri, kisha kamera ya simu itaanza kunirekodi yenyewe kwa dakika mbili. Zikiisha, zimeisha. Maswali matano, hakuna kurudia. Walimu wataangalia baadaye, kila mmoja kwa wakati wake. Nilikuwa na siku saba.

Niliusoma mara tatu. Mhogo ukapoa.

Jioni, binti yetu akiwa ameshalala, nikamweleza mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na mtu wa hesabu hupenda kwanza kujua kanuni za mchezo.

"Kama haujaelewa swali, unauliza nani?"

"Hakuna wa kuuliza."

"Na ukikosea mu katikati?"

"Njo imeisha."

Akafikiri kidogo. "Basi iko sawa vile kuhubiri ku redio. Unasema, na haujuwe kama bantu banasikia ao banapika."

Hilo halikunisaidia, lakini alisimama papo hapo akaanza kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Sebuleni kwetu kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya maua ya plastiki, akaifunika kwa shuka. Shuka lenyewe lilikuwa na maua pia, makubwa zaidi. Akaligeuza upande wa ndani. Simu akaiegemeza kwenye sufuria iliyofunikwa juu ya meza, akashika saa, akawa anasoma maswali aliyoyatunga mwenyewe. Jirani yetu wa kulia ana mashine ya kusaga unga. Jirani wa kushoto ni kanisa, na wiki ile kwaya ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu. Mume wangu akisema "anza", mashine nayo inaanza.

Nilirekodi majibu manne. Nilipoyaangalia, nilimwona mwanamke mwenye bluzi nyeupe, koti letu la kazi, macho yamemtoka, mikono haionekani, anasoma kitu kilichoandikwa hewani. Kifaransa chake kilikuwa kizuri mno. Hakuna mtu anayeongea vile, hata Wafaransa wenyewe.

"Iko muzuri," mume wangu alisema, akikwepa kuniangalia.

Kesho yake nilimwonyesha mkunga mkuu. Huyu ni mwanamke wa umri wa mama yangu, Mubembe wa hapo hapo, na nusu ya watu wanaomsalimia sokoni wamepita mikononi mwake wakizaliwa. Wote tunamwita Mama Shefu. Kulikuwa na utulivu wodini, kina mama watatu tu, na wote watatu walikuwa wameshajifungua. Tukakaa kwenye chumba cha vifaa, yeye juu ya katoni la glavu, mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso na kuangalia video yote.

"Uyu ni nani?" aliuliza mwishoni.

"Ni miye, Mama Shefu."

"Hapana. Uyu mi simujuwe. Uyu iko muntu anasoma tangazo ya kifo."

Nikacheka, lakini kwa uchungu kidogo.

"Na kwanza, ulisalimia nani?" akaendelea. "Unaanza tu kusema, sawa mutu aliingia mu nyumba ya benyewe bila kupiga hodi."

"Hakuna muntu wa kusalimia. Iko simu."

"Kisha batu bataangalia?"

"Bataangalia."

"Basi iko bantu. Salimia."

Nikamweleza kwamba kila sekunde ina thamani, na kwamba majibu yangu niliyapanga vizuri, utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mama wa mimba ya kwanza anayemweleza jinsi ya kuzalisha. Kisha akaniambia nimpe ile simu.

"Niulize na miye. Nataka kuona ugumu yake iko wapi."

Nikaiweka simu juu ya rafu, kati ya pamba na chupa ya dawa ya kusafishia vidonda, nikamuuliza swali la kwanza kwenye orodha ya mume wangu: kwa nini ulichagua kazi hii? Akaweka sawa kitambaa cha kichwa. Akaisalimia simu, akaiuliza habari za nyumbani, akasubiri kidogo kana kwamba imejibu.

"Mi sikuchaguwa," alisema. "Mama yangu alishikwa na uchungu ku shamba. Tulikuwa babili tu, yeye na miye, na miye nilikuwa ningali mutoto, sijavunja ungo. Alikuwa anasikia maumivu, kisha ananielezea: leta ile nguo, shika hapa, usivute, ngoja. Akinyamaza, mi naogopa. Akisema, mi nafanya. Mutoto akatoka, akalia. Nikamufunika na kikwembe yangu. Kisha tukarudi ku nyumba, mama anatembea mbele, mi niko nyuma na mutoto ku mikono. Njo ile siku. Kisha nilisoma, nikapata diplome, lakini mutu aliyenifundisha ni ule mama aliyekuwa analala pa majani."

Akaigeukia simu tena. "Aksanti, mubakie na amani." Halafu akanitazama. "Iko namna gani? Imepita dakika mbili?"

Haikupita. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka sita, tumeshikana mikono juu ya matumbo ya wanawake wasiohesabika, na sikuwahi kumuuliza swali lile. Jioni hiyo nilichukua karatasi zangu za hoja tatu na hitimisho, nikampa mume wangu awashie makaa.

Ikabaki shida ya mahali. Hospitalini umeme ulikuwepo, wa jua, lakini wodi ya wazazi haina ukimya na haitakiwi kuwa nao. Nyumbani kulikuwa na mashine na kwaya. Tena mchana mtandao wa Baraka unakuwa mzito, kila mtu yuko juu yake, na mimi nilitaka kurekodi mchana ili mwanga unitoshe. Mume wangu akamkumbuka kaka yake, mkuu wa shule ya sekondari kule Fizi. Shule iko juu ya kilima, ofisi yake ina paneli za jua, na mnara wa simu unaonekana kutoka dirishani. Jumamosi hakuna wanafunzi. Shemeji akajibu kwa simu kwamba atakuwa na heshima kubwa, na kwamba atafagia.

Nilipanda pikipiki asubuhi, bluzi imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya begi, begi kifuani. Ilikuwa kiangazi. Siku hiyo njia ilikuwa shwari, na dereva, kwa furaha ya njia kuwa shwari, aliendesha kama anayekimbizwa. Nilipofika Fizi nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka magoti. Shemeji alinipokea mlangoni, akaniangalia, akaenda kuleta beseni la maji bila kuuliza.

Ofisi alikuwa ameiandaa kweli. Meza ilikuwa tupu, madaftari yamepangwa mnara mdogo wa kuegemezea simu, kabati nyuma yangu limefutwa vumbi, na kando ya kabati kulikuwa na benchi ambalo wazazi hukalia wakimsubiri. Kikombe cha mashindano ya mpira alikiacha juu ya kabati. Alisema kinaleta uzito.

"Mi niko hapa inje," aliniambia. "Hata kuku haipite."

Nikafunga mlango wa mbele, nikavaa bluzi, nikabonyeza.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: jitambulishe, na utuambie kwa nini ubingwa huu. Nikasalimia. Nikasema mimi ni nani na natoka wapi. Maneno yalikuja, mikono ikaja nayo, na nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyevuka daraja la mti mmoja.

La pili liliuliza kuhusu mahali ninapofanya kazi. Hapo sikuhitaji kufikiri. Niliwaambia kuhusu kina mama wanaoshushwa kwa machela kutoka Bibokoboko, wanaume wanne wakipokezana mabegani, na baridi ya kule juu bado iko kwenye mablanketi wanapofika kwetu kwenye joto. Niliwaambia kuhusu wale wanaotoka Swima wamekaa nyuma ya pikipiki, na wifi amekaa nyuma yao kuwashikilia. Niliwaambia kwamba tuna chumba kimoja cha upasuaji, na kwamba siku kikiwa na watu wawili wanaokihitaji, mmoja wetu hutoka nje kuzungumza na familia ya yule atakayesubiri, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kushika kisu.

La tatu lilinivamia. Unafanya nini nje ya kazi? Sikuwa nimeliandaa, na mume wangu pia hakulitunga. Nusu dakika ikapita nikijitafuta nje ya kazi bila kujiona. Kamera ikawaka. Nikasema napenda kulala. Nikaona uso wangu kwenye kioo cha simu ukishtuka kwa nilichosema. Zilikuwa zimetumika sekunde nne. Nikasema pia napenda kupika, na kwa kuwa ilibidi niendelee, nikaanza kueleza sombe: jinsi ya kutwanga majani ya mhogo, kuyachemsha kwanza bila mfuniko mpaka ule ukali utoke, mawese kuwekwa wakati gani, na kwa nini mtu anayeweka samaki mapema anaharibu samaki na sombe pia. Nilieleza kwa Kifaransa, kwa dakika moja na nusu, kwa maprofesa wa tiba. Nilipofika kwenye chumvi, muda ukaisha.

Nikafuta jasho. Nje nilisikia shemeji akimkatalia mtu kwa adabu.

Swali la nne: tueleze kosa ulilofanya kazini. Kwa hili jibu lilikuwepo. Ni jibu ambalo kila mtu huwa nalo: nachukua majukumu mengi, naisahau afya yangu, sasa nimejifunza kugawa kazi. Nilikuwa nimelikariri. Lakini nusu dakika ile ilipokuwa inahesabika, nilimwona akilini mwanamke mmoja wa Burundi.

Alikuwa mkimbizi, mkulima, mwenye watoto wanne, na alikuja kujifungua mwaka wangu wa kwanza Baraka. Nilipompima aliniambia, "Ni babiri," yaani wako wawili. Kirundi chake na Kiswahili chetu kwenye neno hilo ni ndugu, nilimwelewa vizuri kabisa. Mashine ya ekografi, ile inayoonyesha mtoto tumboni, ilikuwa imeharibika. Nikaweka pembe ya kusikilizia tumboni, nikasikia moyo mmoja. Nikamwambia ni mmoja, mkubwa. Akarudia, "Ni babiri, dokta." Nikampigapiga begani, nikatabasamu kama mtu aliyesoma. Mtoto akazaliwa, mzuri, si mkubwa hata kidogo. Nikaagiza ile sindano ya kukaza kizazi baada ya mtoto kutoka. Sindano hiyo ikichomwa kukiwa na mtoto mwingine ndani, kizazi kinambana, naye anaweza kukosa pumzi. Muuguzi alikuwa ameshaishika. Mama Shefu akaweka mkono wake juu ya tumbo la yule mama, akasema kwa sauti ya chini tu, "Ngoja, Dokta." Mtoto wa pili akazaliwa kwa matako dakika chache baadaye, mikononi mwa Mama Shefu, mimi nimesimama kando. Yule mama akageuza kichwa akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alisema, "Nilikuambia."

Hayo ndiyo niliyoiambia simu. Sikusema nilijifunza nini kwa hoja tatu. Nilisema watoto wote wawili walipona, na kwamba tangu siku ile kabla sijamgusa mama yeyote namuuliza wako wangapi, kisha namsikiliza anavyojibu. Zilibaki sekunde kama ishirini, nikaiangalia kamera nayo ikaniangalia, mpaka ikazima.

Nilikuwa nimechoka kama niliyetoka chumba cha upasuaji. Nikabonyeza la tano upesi kabla ujasiri haujaondoka: utafanya nini ukipingana na mkubwa wako kazini?

Nilikuwa nimeanza vizuri. Nilisema nitamwambia pembeni, kwa heshima, lakini mgonjwa akiwa hatarini nitamwambia pale pale. Ndipo nikaona kwenye kioo, kati ya sikio langu na kabati, mlango wa nyuma ukifunguka. Sikujua kwamba ofisi ile ina mlango wa nyuma. Akaingia mama mzee, koko, kama tunavyowaita bibi zetu, amevaa kitenge cha kijani, na mfuko wa kitambaa mkononi. Akasimama. Akanitazama ninavyoongea na ile simu kwa bluzi nyeupe na mikono inayopaa, akaelewa kwamba hili ni jambo kubwa. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja, akatembea kwa vidole mpaka kwenye benchi, akakaa. Yaani akakaa katikati kabisa ya picha.

Hakuna kurudia. Nikaendelea. Kifaransa hakukijua, nilihakikisha baadaye, lakini kila nilipovuta pumzi alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeko ibadani. Nilipoinua sauti kidogo aliinua nyusi. Nilipofika mahali pa kusema kwamba mkubwa naye anaweza kuwa anachoka na kuhitaji mtu wa kumshika mkono, alifunga macho. Sekunde za mwisho, nilipokuwa nimeshasema yote, alisema kwa sauti nzuri, wazi kabisa, "Njo bile," yaani ndivyo hivyo.

Taa nyekundu ikazima.

"Karibu, koko," nikasema.

"Aksanti, binti yangu. Umemaliza kusali?"

"Sikuwa nasali. Nilikuwa nasemezana na bakubwa ba chuo. Banataka kuona kama banaweza kunipokea."

Akaangalia kila pembe ya chumba. "Bako wapi?"

"Hapana hapa. Batasikia kisha, mu simu."

Akalifikiria. "Bakuita, na ulipokuja, bo benyewe bakatoka?"

"Njo namna hiyo."

"Iko haya," alisema, na alimaanisha ni haya yao, si yangu.

Shemeji akaingia kwa mlango wa mbele, anahema, viatu vimejaa udongo. Mbuzi walikuwa wamevamia bustani ya shule, maharage ya mradi wa wanafunzi, akawa amewafukuza mpaka mwisho wa uwanja. Alipomwona yule mama kwenye benchi alishika kichwa.

"Nilimuambia angoje inje," aliniambia.

"Ulinikataza mulango ya mbele," koko alimjibu kwa upole.

Alikuwa amekuja kuchukua ripoti ya mjukuu wake, maana mvulana mwenyewe alidai imepotea. Shemeji akaifungua kabati, ripoti ikaonekana. Kwa kuwa miwani yake aliiacha nyumbani, koko akaniomba mimi nimsomee, kwa sababu, alisema, mimi nina sauti ya kusoma. Nikamsomea somo kwa somo. Hesabu alikuwa mzuri, historia si mbaya, tabia njema, Kifaransa kilikuwa chini sana. Nilipolitaja hilo alinigeukia.

"Weye unakijuwa. Kinasaidia nini?"

Nikamwambia kinasaidia kuongea na watu waliotoka. Akacheka mpaka akashika benchi. Akaikunja ripoti, akaiweka kwenye mfuko wake, akavaa kandambili, akaenda zake.

Nikabonyeza pa kutuma. Mtandao wa Fizi haukunitupa. Kabla shemeji hajamaliza kukaanga mayai, simu iliniambia kwamba majibu yamepokelewa.

Mume wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama naona itaharibu. Nikamwambia sijui. Mama Shefu aliuliza kitu kimoja tu: huyo koko alinyamaza? Nikamwambia alinyamaza mpaka mwisho. "Basi uko na shahidi," alisema, akaenda kuosha mikono.

Wiki ile ile nilipigiwa simu na mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja. Yeye yuko upande wa Lulimba, kwenye kituo kinachohudumia wachimbaji wa dhahabu na familia zao, na aliomba chuo hicho hicho, ubingwa wa watoto. Mtandao ulimkatikia katikati ya swali la tatu. Alipojaribu tena ukurasa ulimwambia ameshafanya. Akapanda kilima, akapanda mti, mtu mzima daktari, na siku saba zikaisha akiwa juu ya mti. Alinieleza huku akicheka, lakini nilimjua, alikuwa hacheki.

Majibu yalitoka mvua zilipoanza. Mimi nilichukuliwa, yeye hakuchukuliwa. Nililisoma jina langu, nikatafuta lake, nikarudi kwenye langu, na sikujua niweke wapi furaha. Nikaiweka kwa Mama Shefu, ambaye aliipokea na kunipa kikwembe kipya, kitenge cha mistari ya bluu. Mume wangu alibaki mpaka mwaka wa shule uishe, binti yetu nikaondoka naye, na wiki nzima ya kwanza mjini aliuliza kwa nini hakuna mtu anayetusalimia barabarani.

Siku ya pili kazini profesa mkuu wa idara alinikuta kwenye korido. Ni mzee mrefu, anatembea haraka, na ukitaka kuongea naye ni lazima utembee hivyo hivyo.

"Wewe ndiye wa sombe," aliniambia.

Nikakubali.

"Mke wangu amejaribu kuchemsha bila mfuniko. Ulisema kweli." Tukapinda kona. "Swali lako la kwanza hatukusikia kitu. Dakika mbili za midomo tu. Nadhani kidole chako kiliziba kipaza sauti, au daftari. Mwenzangu mmoja alitaka kukupa sifuri, mwingine alisema mikono yako inashawishi. Tukaliacha."

Yaani lile jibu lililonivusha daraja halikusikika na mtu. Juu ya koko hakusema chochote, nami sikumkumbusha. Lakini nilimuuliza, kwa kuwa tulikuwa bado tunatembea, ni jibu lipi lililonipa nafasi.

"Mapacha," alisema. "Tuliangalia watu wengi sana mwaka huu. Karibu wote walituambia kosa lao kubwa ni kufanya kazi kupita kiasi."

Nikaona huenda sitampata tena akiwa na hali nzuri vile. Nikamweleza kuhusu mwenzangu wa Lulimba: mtandao, swali la tatu, kilima, mti. Alipunguza mwendo, halafu akasimama kabisa, jambo ambalo wauguzi wawili waliokuwa wanapita waliliona wakatazamana.

"Kwenye orodha yetu ameandikwa kwamba aliacha katikati," alisema.

"Hakuacha. Mtandao ulikatika."

"Hakuna aliyetuambia."

"Pa kuwaambia hapakuwepo, Profesa. Ukurasa haukuwa na mahali pa kuandika."

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kitu nyuma ya karatasi ya maabara ya mgonjwa, akanitazama kama anayenikadiria, kisha akaendelea na safari yake. Mimi nikabaki pale nikijiuliza kama nimeitumia vibaya siku yangu ya pili.

Mwaka uliofuata tangazo la chuo lilikuwa na sentensi mpya. Wanaofanya kazi mahali mtandao ni shida wataruhusiwa kurekodi bila mtandao na kutuma wakifika mjini, na wamepewa mwezi mzima. Nikampigia mwenzangu mara nane ndipo nikampata. Alikuwa hajaliona. Alirekodi kwenye kituo chake kwa siku moja, akashuka na pikipiki mpaka penye mtandao, akatuma.

Sasa yuko idara ya watoto, ghorofa ya juu yetu. Saa kumi, kazi ikiruhusu, tunakunywa chai pamoja kwenye kantini ya wafanyakazi. Ananilalamikia baridi ya mji huu na bei ya nyanya, mimi namlalamikia mkubwa wangu wa chumba cha upasuaji, ambaye hupenda kuimba tukishona. Juzi mwenzangu alinionyesha picha ya mtoto aliyemtibu wiki tatu, njiti aliyezaliwa kwenye idara yangu, sasa ameanza kunenepa mashavu. Mama yake alikuwa amemvalisha kofia mbili. Tukaagiza chai ya pili.